Julius Nyerere na Amana ya Tanganyika

1. Mtoto wa siku ya mvua

Upande wa mashariki wa ziwa Victoria, katika mkoa wa Mara, iko nchi ya Wazanaki. Ni nchi ya vilima na mawe makubwa, yenye mashamba ya mtama, ulezi na mihogo, na malisho ya ng'ombe na mbuzi. Katika kijiji cha Butiama alikaa mtemi mmoja, jina lake Nyerere Burito. Mtemi huyo alikuwa na wake wengi na watoto wengi, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa zamani zile. Mmojawapo wa wake zake aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Tarehe 13 Aprili, mwaka wa 1922, mama huyo alijifungua mtoto mwanamume, na kwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha sana, mtoto akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua.

Mwaka ule ule lilifanyika jambo jingine, mbali sana na Butiama. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na Wadachi walikuwa wamenyang'anywa nchi waliyoianza kuitawala mwaka wa 1885. Basi katika mwezi wa Julai, 1922, Baraza la Ushirika wa Mataifa huko Ulaya lilithibitisha hati iliyowapa Waingereza kazi ya kuitawala Tanganyika. Hati hiyo haikusema kwamba nchi ni mali yao. Ilisema kwamba wamekabidhiwa waitunze kwa faida ya watu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ya Ushirika ule ilichukuliwa na Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Desemba, 1946, Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja huo. Sasa maneno yakawa wazi zaidi: mtawala aiongoze nchi mpaka watu wake waweze kujitawala au kuwa huru.

Kila mtu katika nchi ya wafugaji ajua maana ya amana. Mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa rafiki yake. Yule rafiki huwachunga, huwakamua, naye hunywa maziwa. Lakini ng'ombe si wake. Siku mwenyewe atakapokuja kuwataka, hana budi kuwatoa. Tanganyika ilikuwa amana ya namna hiyo mikononi mwa Mwingereza. Walakini watu waliojua habari hii walikuwa wachache, kwa maana ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kigeni, katika karatasi zilizowekwa mbali. Mtoto yule aliyezaliwa siku ya mvua ndiye aliyekuja kuisoma hati ile na kuidai amana mbele ya mataifa.

2. Masomo yake

Kambarage alichunga mbuzi za baba yake kama watoto wenziwe. Husimuliwa kwamba alikuwa hodari wa kucheza bao, na kwamba mzee mmoja, rafiki wa baba yake, alipoona jinsi mtoto yule anavyohesabu na kufikiri kabla ya kucheza, akamshauri mtemi ampeleke shule. Mwaka wa 1934 akaandikwa katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Umri wake ulikuwa miaka 12, naye alikuwa amechelewa. Lakini alijitahidi hata akawapita wengi waliomtangulia. Mwaka wa 1937 akaenda katika shule ya Serikali ya Tabora, akakaa huko mpaka mwaka wa 1942. Tarehe 23 Desemba, 1943, alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, akaitwa Julius. Mwaka huo huo alikuwa ameingia katika chuo cha Makerere, nchini Uganda, kujifunza kazi ya ualimu.

Alipomaliza alifundisha miaka mitatu katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Kisha, mwaka wa 1949, akasafiri kwenda Edinburgh, katika nchi ya Waskoti. Huko alisoma historia, habari za uchumi na falsafa, akapata shahada yake mwaka wa 1952. Katika masomo hayo aliona jambo moja ambalo lilimfaa maisha yake yote. Aliona kwamba Waingereza wenyewe hawakupata haki zao kwa siku moja. Walizipata kidogo kidogo, sheria baada ya sheria, mpaka hata mfalme akafungwa na sheria zile zile zilizowafunga raia wake.

Aliporudi nyumbani alimwoa Maria Gabriel mwezi wa Januari, 1953, kisha akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Ndipo watu walipoanza kumwita Mwalimu, na jina hilo halikumwondoka tena.

3. Njia tatu

Siku zile kilikuwapo chama cha Waafrika, kilichoitwa kwa kifupi TAA. Mwaka wa 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa mkubwa wake. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, 1954, chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, chenye kusudi moja kubwa, yaani kuiongoza nchi mpaka ipate uhuru wake.

Kwa nchi inayotawaliwa njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kunyamaza na kungoja. Ya pili ni kushika silaha. Njia hiyo ya pili wazee walikuwa wamekwisha ijaribu. Katika vita vya Maji Maji, tangu mwaka wa 1905 hata 1907, watu wa kusini walipigana na Wadachi kwa ushujaa mkubwa, lakini risasi hazikugeuka maji. Watu maelfu kwa maelfu walikufa, kwa silaha na kwa njaa iliyofuata. Nyerere hakuwadharau mashujaa wale. Aliwataja kwa heshima. Lakini yeye alichagua njia ya tatu, yaani kumshika mtawala kwa maneno aliyoyatia sahihi yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1954 wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kuitazama nchi. Waliporudi walitoa shauri kwamba Tanganyika iweze kujitawala katika muda wa miaka 20 au 25. Serikali ya Mwingereza haikukubali kuwekewa miaka. Basi wanachama wa TANU wakachanga fedha, na Nyerere akapanda ndege kwenda New York. Tarehe 7 Machi, 1955, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Hakumtukana mtu wala hakutisha. Alieleza kwamba Tanganyika ni amana, kwamba wengi wa watu wake ni Waafrika, na kwamba yafaa itangazwe kuwa nchi itakayotawaliwa na watu wake, na watu wa mataifa mengine waliomo wakae kwa haki na amani.

Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya kazi ya shule na kazi ya chama. Mshahara ulikuwa wa hakika, tena alikuwa na mke na mtoto mdogo. Chama hakikuwa na mali. Mwezi huo huo wa Machi aliacha kazi ya shule. Akarudi kwao kwa muda, akawafundisha mapadre lugha ya Kizanaki, kisha akaanza kuzunguka nchi nzima. Popote alipokwenda aliwaeleza watu kwa Kiswahili chepesi maana ya amana, nao wakaelewa, kwa kuwa jambo hilo walikuwa nalo katika desturi zao.

4. Uchaguzi wa kura tatu

Mwaka wa 1957 Serikali ilimzuia kuhutubia mikutano kwa miezi kadha. Baadaye ikamwingiza katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini alipoona kwamba mashauri yake hayafuatwi, akajiuzulu mwezi wa Desemba. Hata hivyo alikuwa amejifunza kwa macho yake jinsi sheria zinavyotungwa.

Kisha likaja jaribu kubwa. Serikali ilitangaza kwamba watu watachagua wajumbe wa Baraza kwa mara ya kwanza, lakini kwa masharti mazito. Mpiga kura awe na elimu ya kiasi fulani, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo maalum. Tena kila mpiga kura apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, na moja kwa Mwasia. Waafrika walikuwa mamilioni, na Wazungu maelfu tu, hata hivyo viti vikawa sawasawa. Watu walikasirika sana. Wengi wa TANU walitaka kuukataa uchaguzi kabisa.

Mwezi wa Januari, 1958, wajumbe wa chama walikutana Tabora. Nyerere alijua kwamba mkutano ule waweza kukivunja chama. Yeye pia aliichukia sheria ile. Lakini aliichunguza kama mchezaji wa bao achunguzavyo mashimo. Akaona kwamba Mzungu au Mwasia atakayegombea hawezi kushinda kwa kura za watu wa kabila lake peke yao, kwa sababu kila mpiga kura apiga kura tatu, na katika sehemu nyingi wapiga kura wengi watakuwa Waafrika. Kwa hiyo TANU yaweza kuwaunga mkono Wazungu na Waasia wapendao haki, nao watashinda. Lakini TANU ikikaa nje, viti vyote vitachukuliwa na wapinzani wake, nao ndio watakaotunga sheria. Baada ya mabishano makali, wajumbe wakamfuata. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaanzisha chama chake mwenyewe.

Katikati ya mwaka ule Nyerere alishtakiwa kortini kwa maneno aliyoyaandika katika gazeti la chama juu ya maofisa wawili wa Serikali. Hakimu akamhukumu alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Wako waliodhani kwamba atapenda kwenda gerezani ili jina lake likue, au kwamba watu watafanya fujo. Faini ikalipwa, na watu wakatulia. Kama pangalitokea ghasia, Serikali ingalipata sababu ya kuahirisha uchaguzi.

Uchaguzi ukafanyika, nusu mwezi wa Septemba, 1958, na nusu mwezi wa Februari, 1959. Watu waliokubaliwa na TANU walishinda viti vyote 30, vya Waafrika, vya Wazungu na vya Waasia. Sheria iliyotungwa ili kuwagawanya watu ikawa imewaunganisha. Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, aliona jinsi mambo yalivyo, akashirikiana na Nyerere. Masharti ya kupiga kura yakalegezwa, na katika uchaguzi wa Agosti, 1960, TANU ikapata viti 70 katika viti 71. Nyerere akawa Waziri wa kwanza wa nchi.

5. Kutunga sheria ya uhuru

Watu wengi hudhani kwamba uhuru huja siku bendera inapopandishwa. Bendera ni alama tu. Kabla ya siku hiyo yalikuwako mambo manne yaliyopaswa kutimizwa, moja baada ya jingine.

Jambo la kwanza lilikuwa mapatano. Mwezi wa Machi, 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alikuja Dar es Salaam. Yeye na Nyerere na wajumbe wengine walikutana katika jumba la Karimjee, wakapatana juu ya katiba na juu ya siku. Kwanza ilitajwa tarehe 28 Desemba, kisha ikabadilishwa ikawa mapema zaidi, tarehe 9 Desemba. Tangu tarehe 1 Mei nchi ilipewa madaraka ya mambo yake ya ndani, na Nyerere akawa Waziri Mkuu.

Jambo la pili lilikuwa ruhusa ya mwenye kuisimamia amana. Mwezi wa Aprili, 1961, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikubali kwamba udhamini ukome siku Tanganyika itakapokuwa huru.

Jambo la tatu lilikuwa sheria ya uraia, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mwezi wa Oktoba, 1961, mswada uliletwa Dar es Salaam wa kusema nani atakuwa raia wa nchi mpya. Wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Walikumbuka dharau za miaka mingi, na maneno yao yaliwapendeza watu wengi. Nyerere alisimama akayapinga kwa ukali ambao wajumbe hawakuuzoea. Aliwaonya kwamba wakianza kuhesabu haki za mtu kwa rangi ya ngozi, hawatajua pa kukomea. Leo watamtoa Mzungu na Mwasia, kesho watatazamana kabila kwa kabila. Akasema wazi kwamba Serikali yake i tayari kujiuzulu kuliko kuipokea sheria ya namna ile. Ilikuwa hatari kweli, kwa maana zilibaki wiki chache tu. Lakini Baraza likamfuata, na uraia ukawekwa bila kutazama rangi.

Jambo la nne lilifanyika London. Katika desturi ya Uingereza, mswada husomwa mara tatu katika Baraza la Wajumbe waliochaguliwa, kisha husomwa katika Baraza la Mabwana, na mwisho hupelekwa kwa mfalme au malkia ili aukubali. Hapo ndipo unapokuwa sheria. Mswada wa uhuru wa Tanganyika ulipita njia hiyo yote, na tarehe 22 Novemba, 1961, Malkia Elizabeth wa Pili akaukubali.

Sheria hiyo si ndefu, lakini maana yake ni kubwa. Ilisema kwamba tangu tarehe 9 Desemba, 1961, Serikali ya Uingereza haitakuwa na madaraka ya kuitawala Tanganyika. Ilisema kwamba Bunge la Uingereza halitaitungia Tanganyika sheria tena. Tena, zamani sheria ya Tanganyika ikipingana na sheria ya Uingereza iliyowekwa kwa ajili ya nchi hiyo, ile ya Tanganyika ilikuwa batili. Tangu siku hiyo isiwe hivyo tena, bali Bunge la Tanganyika liwe na uwezo kamili. Kwa ufupi, wenye nguvu walitumia nguvu zao za kutunga sheria ili kuziondoa nguvu zao wenyewe.

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba, taa zilizimwa katika uwanja mjini Dar es Salaam. Zilipowashwa, bendera ya Mwingereza haikuwapo. Ilikuwapo bendera ya kijani, manjano na nyeusi. Usiku huo huo Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya mlima Kilimanjaro. Kulipokucha, Prince Philip, mume wa Malkia, alimkabidhi Nyerere hati za uhuru. Tarehe 14 Desemba Tanganyika ikapokewa katika Umoja wa Mataifa, katika nyumba ile ile ambamo Mwalimu alisimama kuidai miaka sita iliyopita.

6. Sheria mikononi mwa wenyewe

Mwezi wa Januari, 1962, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili aende kukijenga chama vijijini. Mwaka huo Bunge la Tanganyika lilitunga katiba mpya, na mara hii halikungoja katiba itoke London. Tarehe 9 Desemba, 1962, nchi ikawa jamhuri, na Nyerere, aliyepata kura zaidi ya 1,100,000 katika uchaguzi, akawa Rais wa kwanza.

Uwezo wa kutunga sheria ni kama jembe. Mtu aweza kulima kwalo, tena aweza kujikata mguu. Mwaka wa 1962 Bunge lilitunga sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani, na wako waliokaa humo muda mrefu. Sheria hiyo ililaumiwa na wengi. Mwaka wa 1963 Bunge liliondoa madaraka ya watemi katika nchi yote. Sheria hii iliugusa mlango wa Nyerere mwenyewe, kwa sababu baada ya baba yao kufa, ndugu yake Wanzagi ndiye aliyekuwa mtemi wa Wazanaki. Mwana wa mtemi hakuweka sheria moja kwa watu wengine na nyingine kwa nyumba ya baba yake.

Tarehe 26 Aprili, 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana, nazo baadaye zikaitwa Tanzania. Nyerere aliongoza mpaka mwaka wa 1985, akatoka katika urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa nyumbani kwao Butiama. Mtoto wa Mugeta, au wa Bunda, au wa Musoma, hahitaji kwenda mbali ili alione kaburi lake.

Nyerere hakuwa na jeshi wala mali alipoanza kazi yake. Alikuwa na elimu, na subira, na hati iliyoandikwa na wengine kabla hajaweza kutembea. Wengi waliipita hati ile bila kuisoma. Yeye aliisoma, akaielewa, akawaeleza watu wake. Nao walipokwisha kuelewa, haikuwezekana tena kuwanyima mali yao. Naye aliyejifunza kusoma asiache kuzisoma sheria za nchi yake, kwa maana yeye ndiye mwenye ng'ombe.